Gazeti Linaegemea Nini? Uhuru wa Mhariri na Swali la Upendeleo katika The Standard ya Dar es Salaam, 1970–1972

Utangulizi

Tarehe 5 Februari 1970, siku ambayo Azimio la Arusha lilitimiza miaka mitatu, gazeti la The Standard la Dar es Salaam lilitoka kwa mara ya kwanza likiwa mali ya umma. Hadi hapo lilikuwa chini ya kampuni ya Lonrho ya Uingereza. Katika ukurasa wa mbele Rais Julius Nyerere alieleza masharti ambayo gazeti hilo lingefanyia kazi. Kwa ujumla lingeunga mkono sera za serikali. Hata hivyo, lingekuwa huru kukosoa matendo ya kiongozi yeyote wa TANU au wa serikali, na kutangaza kasoro zilizomo katika jamii. Tamko lilisema pia kwamba mjadala huru ni sehemu ya lazima ya ujamaa wa kweli.

Miezi kumi na minane baadaye, Frene Ginwala, mhariri aliyeteuliwa kuitekeleza ahadi hiyo, aliondolewa kazini kufuatia tahariri moja. Tahariri yenyewe haikuhusu Tanzania. Ilihusu Sudan.

Makala haya yanachunguza kipindi hicho kifupi ili kujibu swali ambalo ni la zamani kuliko The Standard na ambalo halijaisha: je, chombo cha habari kinaweza kuaminiwa kwamba hakina upendeleo? Katika historia ya habari nchini Tanzania swali hili limezoea kujibiwa kwa kumtazama mmiliki. Waliotaifisha waliamini kuwa gazeti la mwenye mtaji haliwezi kusema kweli kuhusu mtaji; waliodai magazeti binafsi baada ya 1985 waliamini kuwa gazeti la serikali haliwezi kusema kweli kuhusu serikali. Pande zote mbili zilikuwa na ushahidi. Hoja ya makala haya ni kwamba zote mbili ziliuliza nusu ya swali. Kujua mmiliki ni nani hutuonyesha gazeti litaelekea wapi katika siku za kawaida. Iwapo gazeti linaaminika au la, hilo hujulikana siku chache tu, zile ambazo habari yenyewe inamgusa yule anayelishikilia lisianguke. Kwa The Standard siku hiyo ilikuwa mwishoni mwa Julai 1971, na jibu lake halikuwa jepesi kama inavyosimuliwa.

Maneno mawili

Kabla ya kuingia katika historia yenyewe, inafaa kutazama maneno tunayotumia. Kiswahili kina maneno mawili yanayotumika kama kwamba ni moja. La kwanza ni upendeleo, linalotokana na kupenda: mwenye upendeleo humtendea mmoja vizuri kuliko mwingine kwa sababu moyo wake uko kwake. Neno hili linaiweka kasoro ndani ya mtu. Mwandishi mwenye upendeleo ni mwandishi mwenye moyo usio sawa, na dawa yake ni maadili, mafunzo, pengine kufukuzwa kazi.

La pili ni kuegemea. Tunasema gazeti hili linaegemea upande fulani, na tunalisema kwa kulaumu, tukisahau jambo lililo wazi katika neno lenyewe: mtu huegemea kitu kwa sababu kitu hicho kinambeba. Mgonjwa huegemea mkongojo, mzee huegemea ukuta. Asiyeegemea popote ama ana nguvu zake mwenyewe ama yuko karibu kuanguka. Gazeti, ambalo kila siku linadai karatasi, wino, mtambo, mishahara na leseni, ni nadra sana kuwa na nguvu zake mwenyewe. Kwa hiyo lazima liegemee, na jambo la kuuliza ni kwamba linaegemea nini, na linafanya nini pale kile kinachoegemewa kinapokuwa ndicho habari.

Tofauti hii si ya maneno matupu. Sehemu kubwa ya uandishi kuhusu magazeti ya Tanzania huwahukumu wahariri kwa mioyo yao: huyu alikuwa jasiri, yule alikuwa kibaraka. Philip Ochieng, Mkenya aliyefanya kazi The Standard na baadaye Daily News katika miaka hiyo, alieleza mengi kuhusu hali hiyo katika kitabu chake cha mwaka 1992, I Accuse the Press. Kitabu hicho kinapata nguvu pale kinapoacha kuwasema watu na kuanza kueleza nani alilipia nini.

Urithi wa kabla ya 1970

Magazeti ya Kiswahili ya Tanganyika yalizaliwa mikononi mwa misheni na serikali. Msimulizi lilitolewa na misheni ya UMCA huko Zanzibar mwaka 1888. Kiongozi lilitolewa Tanga chini ya utawala wa Wajerumani. Na mnamo Januari 1923 serikali ya Waingereza ilianzisha Mambo Leo. Hili la mwisho liliishi miaka arobaini na lilipendwa kweli na wasomaji wake, walioliandikia mashairi, barua na historia za makabila yao. Hakuna aliyedhani kuwa Mambo Leo lingeandika kwamba kodi ni dhuluma. Msomaji alijua mwenye gazeti ni nani, akasoma akijua. Nadhani tunakosea tunapowafikiria wasomaji wa zamani kuwa walimeza kila walichoandikiwa; kurasa za barua za Mambo Leo zinaonyesha watu waliojua vizuri mipaka ya mahali walipokuwa wakizungumzia.

Mwaka 1937 Erica Fiah, mfanyabiashara mwenye asili ya Buganda aliyekuwa akiishi Dar es Salaam, alianzisha Kwetu, gazeti la kwanza Tanganyika kumilikiwa na Mwafrika. Kwetu lilisema yale ambayo Mambo Leo lisingeweza kuyasema. Hata hivyo lilikuwa likihangaika kwa fedha tangu mwanzo, na historia yake ni historia ya mtu mmoja aliyejaribu kusimama bila ukuta wa kuegemea katika mji ambamo mtambo, karatasi na matangazo ya biashara vilikuwa mikononi mwa wengine.

Upande wa Kiingereza, Tanganyika Standard lilianza mwaka 1930 kama tawi la kampuni ya East African Standard ya Nairobi. Lilikuwa sauti ya wafanyabiashara wa Kizungu, walowezi na maofisa. TANU ilipoanza, gazeti hilo halikuwa rafiki yake.

Sheria nayo ilikuwa ukuta wa aina yake. Kanuni ya Magazeti ya mwaka 1928 ilidai usajili na dhamana ya fedha, na sheria ya uchochezi ilikuwa tayari kwa yeyote aliyevuka mpaka. Mwaka 1958 wahariri wa Mwafrika, Robert Makange na Kheri Rashid Baghdelleh, walifungwa miezi sita kwa uchochezi. Mwaka huohuo Nyerere mwenyewe alishtakiwa kwa kosa la jinai la kashfa kutokana na maneno aliyoyaandika katika Sauti ya TANU kuhusu mabwana shauri wawili. Alitetewa na D. N. Pritt, akatiwa hatiani, akatozwa faini ya shilingi 3,000 au kifungo cha miezi sita, akalipa faini. Nalitaja jambo hili kwa sababu mwandishi wa tamko la Februari 1970 hakuwa mgeni wa mambo haya. Alikuwa amewahi kusimama kizimbani kwa ajili ya habari. Alipoandika kwamba gazeti lazima liwe huru kuwakosoa viongozi, alijua uzito wa maneno hayo kuliko wengi waliomsoma.

Pengine hapa mtu atasema: kama magazeti yote yanaegemea, basi na kila moja litangaze upande wake hadharani, msomaji achague. Uzoefu wa Zanzibar unatahadharisha dhidi ya jibu hilo. Katika miaka ya 1950 na mwanzo wa miaka ya 1960, iliyokuja kuitwa Zama za Siasa, magazeti ya visiwani hayakuficha yaliko. Mwongozi, chini ya uhariri wa Ali Muhsin Barwani, lilikuwa na ZNP; Afrika Kwetu lilikuwa na ASP. Kila msomaji alijua. Kujua huko hakukuyafanya magazeti hayo yaaminike nje ya kambi zao, wala hakukuzuia matusi ya asili na rangi yaliyochapishwa wiki baada ya wiki, kama Jonathon Glassman alivyoonyesha kwa kirefu katika utafiti wake wa mwaka 2011. Baada ya Mapinduzi ya Januari 1964 magazeti hayo yalikoma. Kutangaza upande ni uaminifu wa aina fulani, lakini hautoshi, kwa sababu gazeti linaloegemea chama na kusomwa na wanachama tu halipati kamwe ile siku ambayo lingepimwa.

The Standard chini ya Lonrho

Baada ya uhuru TANU ilikuwa na Uhuru, lililoanza mwaka 1961, na The Nationalist, lililoanza mwaka 1964 kwa Kiingereza. Benjamin Mkapa aliyahariri magazeti hayo ya chama kuanzia mwaka 1966. Kwa upande wa watu binafsi kulikuwa na Ngurumo, gazeti dogo la bei nafuu lililoanza mwaka 1959 na kuchapishwa na familia ya Thaker, ambalo lugha yake ilikuwa ya mitaani na wasomaji wake walikuwa watu wa Kariakoo na Ilala. Na kulikuwa na The Standard.

Jambo moja la miaka hiyo linastahili kutazamwa kwa makini, kwa sababu hutumiwa mara nyingi kuonyesha kwamba gazeti la mwenye mtaji lilikuwa huru zaidi. Mnamo Oktoba 1968 Umoja wa Vijana wa TANU ulitangaza Operesheni Vijana: kuanzia Januari 1969 sketi fupi, wigi, vipodozi vya kujichubua na suruali za kubana vingepigwa marufuku. Barua zikamiminika magazetini. Waliounga mkono walisema utamaduni unalindwa. Waliopinga walihoji ni vazi lipi basi ndilo la Kiafrika, na kwa nini lawama iangukie wasichana. Andrew Ivaska, aliyezichambua barua hizo katika utafiti wake kuhusu Dar es Salaam ya miaka ya 1960, ameonyesha jinsi zinavyofichua wasiwasi kuhusu wanawake, kazi na mji. Kurasa za The Standard zilikuwa wazi kwa mabishano hayo.

Je, huo ni ushahidi wa kutoegemea? Sioni hivyo. Sketi fupi hazikuigusa Lonrho. Kampuni yenye migodi na biashara kusini mwa Afrika haikupoteza chochote kwa vijana wa Dar es Salaam kubishana kuhusu wigi. Pengine ilipata wasomaji. Kipimo halisi kingekuwa ni namna The Standard lilivyoandika kuhusu Lonrho yenyewe na biashara zake katika Rhodesia ya Ian Smith, na gazeti la mwenye mali kuripoti mali ya mwenyewe ni kitu ambacho mwanahistoria hapaswi kukitarajia bila ushahidi wa wazi. Uwazi wa safu ya barua kuhusu jambo la wengine hauthibitishi kitu kuhusu jambo la mwenyewe. Kosa hili la kupima hufanywa pia na wale wanaohesabu mistari: habari ngapi za serikali, ngapi za upinzani, ngapi za kusifu, ngapi za kulaumu. Hesabu hizo huonyesha mwelekeo, na zina faida yake, lakini mistari mia ya kulaumu wasiolishikilia gazeti ina uzito mdogo kuliko mstari mmoja unaomgusa anayelishikilia.

Kwa hiyo hoja ya Nyerere ya kutaifisha ilikuwa na msingi. Nchi inayojenga ujamaa ilikuwa na gazeti lake kongwe la kila siku mikononi mwa kampuni ya kigeni ambayo maslahi yake yalipingana na sera ya taifa kuhusu ukombozi wa kusini mwa Afrika. Kasoro ilikuwa kwingine.

Tamko na mhariri wake

Tamko la Februari 1970 ni waraka wa pekee katika historia ya habari ya Afrika ya wakati huo. Serikali nyingi zilizotaifisha magazeti hazikuona haja ya kuahidi chochote. Nyerere aliahidi ukosoaji, akauweka katika ukurasa wa mbele ambako kila mtu angeweza kumkumbusha. Lakini tamko hilo hilo lilimfanya Rais kuwa mwenye kumteua na kumwondoa mhariri. Halikuunda baraza la kusimama kati yao, halikuweka muda maalumu wa mhariri kukaa kazini, wala halikueleza njia ya kukata rufaa. Ukuta ambao gazeti liliuegemea ulikuwa mtu mmoja. Mtu huyo alikuwa muungwana na mpenda mjadala, na ndiyo maana tatizo halikuonekana mapema.

Chaguo la mhariri liliongeza udhaifu huo. Frene Ginwala alikuwa Mwafrika Kusini mwenye asili ya Kihindi, mwanachama wa ANC aliyekuwa uhamishoni. Alikwisha kuishi Dar es Salaam mwanzoni mwa miaka ya 1960, akatoa jarida la Spearhead, kisha akaondoshwa nchini mwaka 1963 kabla ya kuruhusiwa kurudi. Alichukua nafasi ya Mwingereza Brendon Grimshaw. Katika chumba cha habari walikuwamo wageni wengine wa mrengo wa kushoto, miongoni mwao Mwingereza Richard Gott, aliyeshughulikia habari za nje, na Ochieng. Walikuwa hodari. Gazeti lao lilikuwa na ari ambayo The Standard ya zamani haikuwa nayo. Lakini mhariri mgeni hana kijiji, hana tawi la chama, hana jimbo, hana mjomba wizarani. Uwezo wake wote unatoka kwa aliyemteua. Wapo wanaosema Nyerere alichagua mgeni kwa sababu mgeni angeweza kusema kweli bila kuogopa jamaa. Hilo linawezekana. Matokeo yake yalikuwa kwamba mhariri hakuwa na wa kumwogopa ila mmoja, na hakuwa na wa kumtetea ila huyohuyo.

Ishara za mipaka zilionekana kabla ya Julai 1971, nje ya The Standard. Mnamo Novemba 1970 jarida la wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, Cheche, lilipigwa marufuku pamoja na chama cha wanafunzi cha USARF kilichokuwa nyuma yake. Cheche lilikuwa limechapisha uchambuzi wa Issa Shivji kuhusu matabaka nchini. Sababu iliyotolewa ilikuwa kwamba jina lake, lenye mwangwi wa majarida ya kimapinduzi ya nje, lilitoa picha kwamba Tanzania inafuata itikadi ya kuazima. Ni sababu nyembamba, na wanafunzi walilijua hilo. Walianzisha jarida jingine wakaliita MajiMaji, jina ambalo hakuna mtu angeweza kuliita la kigeni.

Julai 1971

Tarehe 19 Julai 1971 maofisa waliokuwa na uhusiano na chama cha kikomunisti, wakiongozwa na Hashem al-Atta, walimpindua Jaafar Nimeiri mjini Khartoum. Siku tatu baadaye Nimeiri alirudi madarakani. Kilichofuata kilikuwa kisasi cha haraka: maofisa walipigwa risasi, na viongozi wa kiraia walinyongwa, akiwamo katibu mkuu wa chama cha kikomunisti, Abdel Khaliq Mahjub, na kiongozi wa vyama vya wafanyakazi, al-Shafi Ahmed el-Sheikh.

The Standard lilichapisha tahariri ya kumlaani Nimeiri kwa mauaji hayo. Kwa kipimo chochote cha uandishi, lilikuwa na haki. Watu walikuwa wamehukumiwa na kuuawa kwa haraka iliyoinyima kesi maana yake. Na kwa kipimo cha tamko la 1970 lenyewe ni vigumu kuona kosa: tahariri haikumshambulia Nyerere, haikuupinga ujamaa, haikuikataa TANU. Ilisema kuhusu rais wa nchi nyingine maneno ambayo gazeti la kijamaa lingetarajiwa kuyasema.

Ginwala akaondolewa. Sammy Mdee, Mtanzania, akashika nafasi yake.

Masimulizi ya kawaida husema kwamba hapa ndipo Nyerere alipovunja ahadi yake, na kwamba tukio hilo linathibitisha kuwa gazeti la serikali haliwezi kuaminika. Nakubaliana na sehemu ya kwanza kwa kiasi, na sehemu ya pili kwa tahadhari. Tamko liliahidi uhuru wa kukosoa viongozi wa Tanzania. Halikusema lolote kuhusu marais wa nchi rafiki. Mwandishi wake, alipoliandika, alikuwa akifikiria gazeti kama chombo cha mjadala wa ndani: mkuu wa mkoa mzembe, meneja mwizi, mpango wa maendeleo ulioharibika. Hakufikiria kwamba gazeti linalomilikiwa na serikali, likisema kuhusu nchi ya nje, husikika huko kama serikali yenyewe. Khartoum haingeweza kuelewa tofauti kati ya maoni ya mhariri na msimamo wa Ikulu ya Dar es Salaam, na ukweli ni kwamba hati ya umiliki haikuwapa sababu ya kuielewa. Kampuni ya Lonrho ingechapisha tahariri ileile, balozi wa Sudan angekasirika kidogo, na mambo yangeisha. Kwa hiyo umiliki uliokusudiwa kulifungua gazeti ndani ya nchi ulilifunga kuelekea nje. Hili si suala la moyo wa Nyerere wala la ujasiri wa Ginwala. Ni suala la mahali ukuta ulipowekwa.

Hata hivyo, tahadhari hiyo isituzuie kuona hasara. Waandishi waliobaki hawakuhitaji kuelezwa. Mhariri aliyefukuzwa kwa tahariri kuhusu Sudan hufundisha wenzake kuhusu Mwanza na Mbeya pia, kwa kuwa hakuna anayejua mpaka unaofuata uko wapi. Tamko lilibaki kama lilivyoandikwa, lakini tangu Agosti 1971 lilisomwa kwa macho mengine.

Kuna jambo la lugha ambalo waandishi wengi wa kipindi hiki wamelipita haraka. Tamko la uhuru wa mjadala lilitolewa kwa gazeti la Kiingereza. Uhuru, gazeti la chama ambalo mwalimu wa Ukerewe au karani wa Lindi aliweza kulisoma bila shida, halikupewa hati ya namna hiyo. Wala Radio Tanzania Dar es Salaam, iliyowekwa moja kwa moja chini ya serikali mwaka 1965 na iliyosikika mahali ambako hakuna gazeti lolote lililofika. Jaribio lilifanywa mbele ya wasomaji wachache waliosoma hadi sekondari na zaidi, pamoja na mabalozi. Kwa mtazamo wangu hii ndiyo kasoro kubwa ya tamko kuliko tukio la Sudan. Kama uhuru wa kukosoa ulikuwa sehemu ya lazima ya ujamaa, walioutumikia ujamaa kwa jembe walistahili kuupata kwa lugha yao. Na kama mhariri angekuwa na wasomaji wa Kiswahili laki moja waliozoea kuona barua zao zikijibiwa, kumwondoa kimyakimya kungekuwa jambo la kufikiriwa mara mbili. Wasomaji nao ni ukuta. Ginwala hakuwa nao.

Baada ya The Standard

Tarehe 26 Aprili 1972 The Standard na The Nationalist viliunganishwa kuwa Daily News, na Mkapa akawa mhariri wake. Tofauti kati ya gazeti la chama na gazeti lililoahidiwa kukikosoa chama ikafutika, na haikuonekana tena haja ya kuieleza. Ngurumo liliendelea peke yake upande wa watu binafsi hadi mwaka 1976, likiwa na mitambo chakavu isiyoweza kushindana na magazeti yaliyobebwa na dola na chama. Mwaka huohuo Bunge lilipitisha Sheria ya Magazeti iliyochukua mahali pa kanuni ya kikoloni na kumpa waziri uwezo wa kulifungia gazeti kwa maslahi ya umma. Serikali huru ikawa imeuweka upya, kwa mikono yake, ukuta ambao mwaka 1958 ulimwangukia kiongozi wake.

Tume ya Jaji Francis Nyalali iliitaja sheria hiyo mwaka 1992 miongoni mwa sheria arobaini zilizostahili kufutwa au kurekebishwa. Magazeti binafsi yalikuwa yameshaanza kurudi tangu 1988, na baada ya 1992 yaliongezeka upesi. Lakini sheria ilibaki hadi ilipofutwa na Sheria ya Huduma za Habari ya mwaka 2016. Katika miongo hiyo ukuta ulibadilika sura. Mfanyabiashara mwenye gazeti na kiwanda, wizara yenye bajeti ya matangazo, chama chenye wagombea: kila mmoja alikuwa na habari zake ambazo gazeti lake lilizipita kando. Utafiti wa kina juu ya kipindi hiki utafaa uanze na orodha ya habari hizo, gazeti kwa gazeti, kabla ya kuhesabu mistari yoyote.

Kuhusu namna wasomaji wenyewe walivyolikabili tatizo, ushahidi ulio bora zaidi hautoki magazetini. Idhaa ya Kiswahili ya BBC ilianza mwaka 1957, na ya Deutsche Welle mwaka 1963. Majeshi ya Idi Amin yalipovuka mpaka wa Kagera mwishoni mwa Oktoba 1978, na Nyerere alipolihutubia taifa tarehe 2 Novemba, watu walikusanyika kwenye redio za betri, wakasikiliza Dar es Salaam, kisha wakazungusha kitufe hadi London, na wengine hadi Cologne. Idhaa ya London ililipiwa na Wizara ya Mambo ya Nje ya Uingereza, ile ya Cologne ililipiwa na serikali ya Ujerumani Magharibi, na ya Dar es Salaam ililipiwa na serikali iliyokuwa vitani. Wazee waliokuwa watu wazima wakati huo hawasimulii kwamba walikuwa na redio moja waliyoiamini. Wanasimulia saa: saa ngapi RTD, saa ngapi BBC, na nani mtaani alikuwa na betri mpya.